Mpunga Bila Maji

Jumatatu, 4 Machi

Jaruba langu limepasuka nyufa! Kidole kinaingia. Nimesimama tutani nimeshika kichwa. Tangu nizaliwe naujua mpunga unasimama majini, na leo Kufuli — mgawa maji wetu, funguo zote za mfereji kiunoni — kaja kunifungulia, nikamrudisha. Mimi! Bwana shamba anasema nisitazame juu, nitazame ndani ya bomba. Kipande cha plastiki chenye matundu, tumekifukia wima katikati ya jaruba. Maji yakishuka shibiri moja chini ya udongo, ndipo nimwagilie. Nimechungulia. Bado yapo. Mume wangu kapita akitazama pembeni, kama hanijui.

Alhamisi, 14 Machi

Siamini. Tangu msimu uanze zamu nane zimepita, nimetumia tatu tu, na mpunga ni kijani mpaka unatisha! Majirani walioniita Mama Jangwa sasa wanakuja kuchungulia bombani mmoja mmoja, wanajifanya wamepotea njia. Anayewaonyesha ni mume wangu. Yule yule! Eti "bomba letu".

Ijumaa, 22 Machi

Maua yameanza kutoka. Hapa mchezo wa kukausha unakwisha — bwana shamba alisisitiza: mpunga ukichanua, maji yasikauke hata siku moja, la sivyo utavuna mapepe, maganda matupu. Nimemfuata Kufuli anipe zamu yangu. Akashangaa: Zamu gani, mama? Kamati ya maji imeshampa mtu wa mkiani mwa mfereji, msimu mzima. Wewe si huhitaji maji?

— Nani kasema?

— Mumeo.

Nikakaa palepale, kwenye matope.

Jumamosi, 23 Machi

Nimemuuliza. Hakukataa, maskini. Alisimama kwenye mkutano wa kamati kifua mbele: mke wangu analima mpunga bila maji! Wakampigia makofi. Habari ya maua hakuisema kwa kuwa hakuijua. Bwana shamba alipokuwa akiieleza, yeye aliona haya kusimama nami. Nilitaka kumpigia kelele, nikashtukia nalia. Miaka kumi na minne ya ndoa hajawahi kunisifu mbele za watu. Siku aliponisifu, kanimaliza.

Mwenyekiti kasema zamu bado ni yangu, nikiitaka. Ila niende mwenyewe mkiani, nimwambie aliyepewa. Kamati haitaki lawama.

Jumatatu, 25 Machi

Naandika nimekaa kwenye tuta la mkiani.

Aliyepewa ni dada yangu! Hakuna aliyeniambia. Misimu mitatu jaruba lake limekuwa malisho ya mbuzi, maji yalikuwa hayamfikii. Leo nimemkuta kainama, maji kifundoni, anapandikiza. Miche ya juzi, bado laini. Ikikosa maji siku tatu, basi tena. Mpunga wangu nao unachanua!

Kaniona, kacheka mpaka machozi. Mdogo wangu, wameniambia zamu ni yako. Umeniachia, wala hukusema! Umenifutia aibu kwa wakwe.

Nikamfuata Kufuli, aliyekuja kumfungulia maji.

Nimemuuliza Kufuli kama tunaweza kugawana. Kasema yakigawanywa hayafiki huku, yataishia njiani. Amesimama mlangoni mwa mfereji, ufunguo mkononi, ananitazama mimi. Nikimpa ishara ya kichwa tu, anamfungia dada maji.

Dada hajui kitu. Anapiga kelele niache kuandika, nivue viatu, nimsaidie mstari wa mwisho.

Nimevua kimoja.