Ushungi wa Mwalimu Rehema

Jumatatu, 5 Mei
Nimeanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, mapema. Jua zuri. Uvimbe upo palepale, titi la kushoto, kama punje ya hindi. Nesi wa zahanati kasema niende Mbinga nikapigwe ultrasound. Aliponitajia bei nilicheka, halafu nikaona haya kwa kucheka. Bima sina. Fedha niliyonayo ni ya bati, na masika nyumba ilivuja mpaka kitandani.

Alhamisi, 8 Mei
Nimemwambia jirani yangu, Mwalimu Rehema. Mtu wa Tanga, kaletwa huku kufundisha, bima anayo. Kaingia ndani, katoka na kadi yake na ushungi mweusi.
"Picha yenyewe ya zamani, Mama Upendo. Funga hivi, watajua ni mimi."
Nimejitazama kwenye kioo chake. Mimi, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Nimechukua.

Jumanne, 13 Mei
Mbinga. Wameita Rehema mara tatu ndipo nikakumbuka ni mimi. Mhudumu kanisalimu kwa Asalaam aleikum, nikajibu Amina. Kanitazama, kaendelea kuandika.
Daktari mpole. Kasema uvimbe haumpendezi, lazima wachukue kinyama kikapimwe. Watapiga simu kunipa siku. Nimevua ushungi kabla sijashuka gari. Hofu ninayo, ila aibu ni kubwa zaidi.

Jumamosi, 17 Mei
Wamepiga. Namba ya kwenye faili ni ya mume wa Rehema, askari wa wanyamapori kule Liparamba. Kapanda bodaboda tangu alfajiri, kafika na vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa uani nageuza usipa. Kamshika mkewe mabega, analia, anauliza kwa nini alimficha. Rehema alinitazama mimi. Nikainama, nikageuza hata usipa uliokwisha kugeuzwa.
Jioni ndipo nimekwenda. "Shemeji, mgonjwa ni mimi." Hakunitukana. Kakaa kizingitini, kasema Alhamdulillahi, kisha kaona haya, kaniomba radhi. Yeye ndiye kaniomba mimi radhi.

Jumapili, 18 Mei
Sikwenda kanisani. Faili la Rehema sasa lina uvimbe asio nao. Siku akiugua kweli, wataanzia hapo. Na wakijua aliniazima kadi, kazi yake iko hatarini. Kaniambia haya kwa upole. Bora angefoka.

Jumanne, 27 Mei
Mbinga tena, mimi na Rehema. Tumemweleza daktari yote. Katugombeza kidogo, kaagiza faili lirekebishwe. Mimi nikalipie. Bati litasubiri.
Mhudumu yuleyule kauliza jina. Nimelitaja lote, mpaka la babu. Sindano imeuma. Kinyama kimetiwa kwenye kichupa, juu yake karatasi. Rehema kalisoma jina langu kimyakimya, karudia. Majibu baada ya wiki mbili.