Baba, Kuna Pombe Jikoni Kwako

Baba yangu mpendwa,

Kaa vizuri huko uliko, maana habari yenyewe itakushtua: kuna pombe ndani ya nyumba yako. Nimeitengeneza mimi, na Mama ndiye aliyeikaribisha.

Unaukumbuka mlango wetu wa Kireka? Ulistaafu upolisi, lakini kizuizi cha barabarani ulihama nacho hadi nyumbani. Hakuna aliyeingia kabla hujamwambia, "Puliza!" na kumnusa mdomo. Mjomba Odong, kaka yake Mama, alikuja akitafuna kitunguu tangu kituo cha teksi, nawe ukamwambia, "Odong, wewe nakunywa, halafu nakula kitunguu. Rudi." Hata mchungaji alipuliza. Mimi nilipuliza nikiwa na sare ya shule, nikicheka hadi pumzi ikaniisha, nawe ukajitia ukali.

Sasa nafanya kazi kwenye karakana ndogo, eneo la viwanda la Bugolobi, na kazi yenyewe ni kutengeneza spiriti ya kupikia. Tunanunua molasi, ile shira nyeusi ya miwa, Kisenyi kwa wauza chakula cha mifugo, tunaichanganya na maji, kisha bakteria wanakula sukari na kututolea pombe. Zamani walisombwa pamoja na pombe, tukawa tunaanza upya kila mara. Siku hizi tunawachanganya na gundi ya mwani, tunaidondosha kwenye maji yenye chumvi ya kalsiamu, na kila tone linaganda kuwa shanga laini yenye bakteria ndani. Shanga zangu za kwanza nilizitoa mapema mno, gesi ikazipasua zote, nikanuna kutwa nzima. Za sasa zimekomaa. Zimejaa kwenye bomba refu la kioo: maji ya sukari yanaingia kwa chini, pombe inatokea juu, nasi tunaikeneka, yaani tunaichemsha na kuukusanya mvuke wake, hadi iwe kali ya kuwaka moto. Bakteria wenyewe hawatoki. Nikiwatazama nakukumbuka ukiwa lindoni, watu wote wanapita na wewe upo palepale.

Shida ilikuwa Mama. Moshi wa mkaa ulikuwa umemharibu kifua. Akiinama kupuliza jiko, anakohoa mpaka anashika ukuta. Nikamletea jiko la spiriti na dumu lake. Alinizuia mlangoni, mahali pako hasa, akafungua dumu na kunusa.

"Akello, hii iko na pombe. Baba yako alikataa pombe kwa hii nyumba."

"Ni ya kupikia tu, Mama."

"Alikataa."

Niliogopa, Baba. Nilijua angekubali kukohoa mpaka kaburini kuliko kuvunja amri yako. Tuliketi kizingitini, dumu katikati yetu, mkaa ukifuka uani. Akakohoa, akafuta macho.

"Na ile spiriti ya kidonda chake?" akauliza ghafla. "Ile ya mguu, aliweka chini ya kitanda. Ile ilikuwa soda?"

"Ilikuwa dawa, Mama."

"Basi na hii ni dawa. Ipite. Lakini mwisho jikoni, kwa sebule yake isifike!"

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Jioni ile alipika malakwang, ile mboga yetu chachu, kwa simsim ya ufuta, ile uliyokuwa ukiimaliza kwa kupangusa sahani kwa kidole, juu ya moto wa buluu usio na moshi. Nilikukumbuka sana, Baba. Nilitamani ufufuke unizuie mlangoni hata mara moja tu.

Tangu hapo Mama hajawasha mkaa. Jana nilirudi nikinuka kazi yangu, akanisimamisha palepale: "Puliza!" Nikapuliza, nikapita. Kisha nikageuka. "Na wewe, Mama. Puliza."

Alinikazia macho kama wewe, akavuta pumzi, akanipulizia usoni pumzi ndefu, hadi ikaisha. Tukasimama tukikisubiri kikohozi.

Hakikuja.

Lala salama, Baba. Mlango tunaulinda.

Binti yako uliyempulizisha kuliko wote,
Akello