Kitabu Chembamba cha Vihatarishi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile jino limekuacha utafune. Sisi tunapumua. Watoto nimewapeleka kwa bibi yao. Sababu utaiona mbele.

Vile vitabu vya usimamizi wa miradi vilifika salama, ahsante sana. Tangu nikabidhiwe ujenzi wa wodi mpya ya wazazi hapa hospitalini, nilikuwa nakwenda kazini nikibahatisha. Kutoka ofisi ya manunuzi hadi kusimamia ghorofa si mchezo. Kitabu cha ratiba kilinitoa tongotongo. Cha mikataba bado kinanipiga chenga. Ila kile chembamba cha vihatarishi ndicho kilichoninyima raha. Kinasema msimamizi azunguke eneo lake akijiuliza: hapa ni kitu gani kinaweza kuua mtu?

Nikazunguka. Kwenye nguzo ya kona, chini ya dari mpya ya zege, nikaona ufa unaoweza kumeza ncha ya ufunguo. Kesho yake ulikuwa umepanda hadi juu. Nikamwambia shemeji yako, ambaye kama ujuavyo ndiye mhandisi wetu. Akasema ni plasta tu, niache kusoma vitabu vya kutishana. Niliporudia mbele ya mafundi, uso ukambadilika. Hata hivyo, Dada, nikawaamuru mafundi wote watoke. Walitoka wakinung'unika, mmoja akitania kwamba leo mama mwenye nyumba kawafukuza wageni na baba mwenye nyumba.

Shemeji yako hakutoka. Alipanda juu ya dari ile awaonyeshe kuwa hakuna la kuogopa. Tulimsikia akigonga zege kwa nyundo, halafu ukaja mkwaruzo mrefu, na vumbi likatufunika. Nilimwita mpaka koo likakauka.

Yu hai. Mguu umevunjika na mbavu pia. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya chumba chake. Jana alinishika mkono akaniomba niwaambie wakaguzi kwamba ule ufa hakuna aliyeuona. "Ukisema uliniambia, nimekwisha, mke wangu," alisema. Nilimwambia apumzike.

Sasa nikupe lile ambalo yeye halijui. Wakaguzi walikuja leo akiwa amelala kwa dawa, nami nimewaeleza yote, pamoja na alivyonijibu. Ningeweza kumfichia wodi isiyo na mtu. Lakini wodi ya watoto, pale ng'ambo ya ua, aliisimamia yeye pia, kwa nguzo za namna ileile, nayo imejaa wagonjwa. Wameanza kuwahamisha. Magurudumu ya vitanda yanapita hapa mbele yangu, na akina mama wanafuata wakiwa wameshika chupa za dripu.

Naogopa, Dada. Ameamka. Namsikia akimuuliza muuguzi vitanda hivyo vinapelekwa wapi, na muuguzi amechungulia mlangoni akinitazama. Lazima niingie.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mumeo, shemeji mkubwa, umwambie asije kwanza.

Ni mimi,
kitinda mimba wenu