Saireni Iliyopakwa Mafuta

Jumatatu, 3 Machi 2025

Samaki yote ya mbuta imeoza. Stoo ya baridi hapa Nyamasaria inanuka mpaka barabarani. Robinson, soja wetu wa kulinda usiku, anakubali mlango haukushika vizuri wikendi. Lakini anaapa saireni haikulia. Mlango ukikaa wazi dakika kumi, inafaa ilie.

Mama Jentrix mwenye stoo akaniuliza mbele ya watu: fundi, saireni iko sawa? Nikabonyeza kitufe cha kujaribu. Ikalia. Robinson akafutwa hapo hapo, ati aliizima ndio alale.

Programu ya hiyo saireni niliandika mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Jentrix ameleta pasta. Ati iko pepo kwa saireni. Ikapakwa mafuta. Pepo akaamriwa atoke — Kiluo, Kiswahili, Kizungu. Hakutoka. Ndiye mimi, nilikuwa nimeshika ngazi pasta asianguke.

Jumamosi, 8 Machi

Darasa la C, lugha ya kuandikia programu. Mwalimu Debra ni mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Leo pointa. Anasema pointa ni karatasi tu imeandikwa anwani ya nyumba. Ukiweka nyota mbele yake, umeingia ndani.

Akaandika ubaoni *p++, hiyo p ndio pointa. Nini inaongezwa? Mimi mbio mbio: kile kiko ndani! Vijana wakacheka.

“Hapana, Baba. Hiyo ++ inashika p kwanza, kabla ya nyota. Umehamia nyumba ya pili. Ndani hujaongeza kitu.”

Ukitaka ya ndani, mabano: (*p)++.

Kila dakika mlango uko wazi, programu yangu inafaa iongeze moja. Niliandika *p++. Bila mabano! Wikendi nzima hesabu imekaa sifuri, pointa inatembea nyumba hadi nyumba kama mtu anatafuta kura.

Na kile kitufe? Hakigusi hesabu. Kinaliza saireni moja kwa moja. Hiyo nilijua. Nilijua na nikabonyeza.

Jumanne, 11 Machi

Nimeweka mabano. Nikaacha mlango wazi, nikasimama na saa. Dakika ya kumi — ikalia! Mama Jentrix akampigia pasta simu kushukuru. Nikasema amina. Kubwa.

Jumatano, 12 Machi

Robinson amekuja kwangu Manyatta asubuhi. Amekonda. Mama Jentrix atamrudisha, lakini kwanza aandike kwamba aliizima. Hakuizima, anasema, lakini amechoka kukaa nyumbani akiangaliwa na bibi kama mwizi.

“Bwana Dalmas, wewe uko na mwandiko. Niandikie ile ya kuomba msamaha sana.”

Yuko hapa mbele yangu na chai. Anaona kalamu inaenda, anafurahi. Anadhani hii diary ndio barua.

Sasa nimechana karatasi ingine. Nimeandika: Kwa Mama Jentrix. Saireni haikulia kwa sababu...

Robinson anauliza kama nimefika kwa jina lake.