Sauti ya Marehemu Inachelewesha Samaki

Mpendwa Shangazi Mariat, naomba msaada wako huku nikiwa na furaha inayonitia haya. Mimi ni mjane, nauza mawese hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, na marehemu mume wangu Gracien ndiye aliyetutengenezea wafanyabiashara programu ya simu ya kuonyesha lori la mizigo limefika wapi, na mwanzoni ilikuwa na kitufe kimoja tu, unabonyeza, unaona lori liko Kisinga, basi. Lakini Waislamu wa Kasese wakaomba iwasalimie kwa asalaam aleikum, Wakonzo wakataka wabukire, sisi tuliotoka Butembo, Kongo, tukataka bonjour, na Gracien hakuweza kumnyima mtu salamu, akaziweka zote kwa sauti yake, na kabla ya bonjour anasikika akikohoa kidogo. Alipofariki mwaka jana wengine wakaongeza picha, ramani na matangazo ya harusi, hakuna aliyepunguza kitu, sasa simu zinaganda, na juzi lori liliharibika njiani, Wahabu muuza samaki akachelewa kujua, samaki wake wakaoza. Alinipigia: "Mama Kahambu, mi naulizia lori, simu inanisalimia kama mukwe. Samaki inaoza, mi bado naitikia."

Wiki hii fundi Tonny ameleta programu mpya, kitufe kimoja, nikabonyeza, lori likaonekana papo hapo, nikarukaruka dukani kama msichana. Kisha nikakumbuka kwamba sauti ya Gracien itazimwa, na kikundi chetu cha wafanyabiashara kinasubiri nikubali. Je, nikikubali, si nitakuwa nimemzika mara ya pili?

Kahambu, Bwera

Mama Kahambu, pole, na hongera pia, maana barua yako inacheka. Sasa nikugombeze. Programu yenu haikuharibiwa na mtu mbaya. Kila mmoja alileta chake kidogo kwa nia njema, na kila kilichowekwa kikapata wa kukilinda. Anayeongeza hushukuriwa, anayepunguza hugombana na watu, kwa hiyo vitu hujaa. Hata programu za mashirika makubwa hunenepa hivyo hivyo. Na wewe unalinda chako, wakati Wahabu anapata hasara.

Mumeo alianza na kitufe kimoja. Hiyo ndiyo kazi yake, na Tonny ameirudisha.

Mwambie Tonny akutolee sauti ile, aiweke kwenye simu yako, na kile kikohozi asikifute. Kisha uwe wa kwanza kutoa chako mbele ya kikundi. Wenye harusi na picha watatoa vyao pia. Atakayetaka kuongeza kitu, ataje kwanza anachoondoa. Wala usingoje mkutano, mama. Mpigie Tonny sasa hivi, kuna samaki wengine njiani.