Mgeni wa Kanisa

Gumbo, Jumapili jioni, 2008

Mwalimu Wani ameniuliza mara mbili safari ilikuwaje. Ndiye msimamizi wa nyumba hii ya kanisa, tunamokaa wanaume sita tuliotoka gerezani. Ndiye pia aliyemwomba mke wangu, Keji, aniruhusu nimwone mtoto. Nitamwambia nini?

Keji alinipokea mlangoni kwake, mtaa wa New Site, na kabla sijamsalimia akaninong'oneza, "Poni anajua uko kazini Khartoum. Leo wewe ni mgeni wa kanisa tu. Tafadhali."

Nikakubali. Miaka minne amemlea peke yake. Ningebishana kwa haki gani?

Poni ana miaka sita sasa. Alinipa mkono, akasema, "Salaam, mjomba," akakaa karibu nami kwenye benchi. Kidevu ni cha mama yangu kabisa. Keji alipoingia ndani kuchemsha chai, mtoto akaniuliza kama nimewahi kufika Khartoum. Nikadanganya, nikasema ndiyo.

"Basi unamjua baba yangu?"

"Namjua."

Naogopa siku atakayojua ukweli. Naogopa zaidi kwamba siku hiyo haitafika.

"Ukimwona," akasema, "mwambie tulihama. Asiende kututafuta kwenye nyumba ya zamani. Sasa tuko hapa, nyuma ya kisima, mlango wa bluu."

Nikasema nitamwambia.

Akanielekeza tena tangu mwanzo, polepole, nisije nikasahau.