Maji Yaliyozidi Magoti

Bonde la Hessler, Pennsylvania
12 Aprili 1993

Mwanangu Twila,

Hujambo? Natumaini huko Pittsburgh mko salama, wewe na watoto unaowapikia shuleni. Mimi sijambo. Mguu unapona, kikohozi kimekwisha, chakula kinapita. Hayo ndiyo uliyotaka kujua. Sasa nisikilize mimi.

Nani alikuambia ubebe vitu vyangu? Irvin Rupp kanitoa hospitali, kanishusha mlangoni, nikaenda moja kwa moja kibandani nyuma ya nyumba. Ukuta mtupu. Fimbo zangu zote za kuvulia hazipo. Suruali ya mpira ya kuingilia majini haipo. Hata boksi la manyoya na ndoano ninalotengenezea chambo, ambalo haliwezi kumzamisha mtu labda alimeze, nalo limekwenda. Nikasema nimeibiwa, ngoja nimwite polisi. Irvin akajikuna shingo akasema, "Merle, usimwite mtu. Ni Twila. Mimi mwenyewe nilimsaidia kupakia." Nimemfukuza. Kwa hiyo sasa sina fimbo wala jirani.

Jumamosi msimu wa kuvua samaki wa trauti unafunguliwa. Wanaume wa bonde zima watajipanga kando ya kijito, kuanzia kanisani hadi darajani, na mimi nitakaa dirishani kama paka. Mwizi wa kawaida ana adabu kukushinda. Yeye akishaiba hakwambii kwamba amefanya kwa faida yako.

Rudisha vitu vyangu. Usipige simu. Unajua kwamba kelele za kinu cha karatasi nilikofanya kazi zilikula masikio yangu, na kwenye simu nasikia kelele tu.

Mimi ni baba yako, hata kama wewe umesahau,
Merle Kessinger

Pittsburgh
20 Aprili 1993

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mguu unapona. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila sijalala vizuri tangu Machi, na sababu unaijua.

Sirudishi kitu.

Unaandika kama vile ulitoka hospitali kwa mafua. Ulikwenda peke yako chini ya kinu cha zamani, theluji inayeyuka, kijito kimejaa, una miaka sabini na minne na goti lililooza. Ukateleza. Suruali hiyo unayoililia ikajaa maji, ukakokotwa hadi kwenye mti ulioanguka, na kama mume na mke wale wasingekuwa wanatembeza mbwa wao ungekuwa bado uko chini ya mti huo mpaka leo. Mimi ndiye niliyepigiwa simu. Niliendesha gari kutoka huku nikijiambia nitamkuta amekufa, nitamkuta amekufa, mpaka maneno yakawa kama wimbo. Nikakukuta midomo rangi ya samawati, umejikunja kama kifaranga, unaniita kwa jina la marehemu mama.

Daktari alisema, "Huyu mzee asiingie tena majini." Alisema mbele yako. Ukajifanya husikii, na safari hiyo wala halikuwa kosa la sikio.

Irvin hana kosa. Mwache arudi, maana nani atakukatia kuni?

Binti yako,
Twila

Bonde la Hessler
23 Mei 1993

Twila,

Hujambo? Mimi nipo. Mvua zimekatika, kijito ni safi hadi unaona changarawe.

Nimekwenda kuvua bila ruhusa yako. Irvin ameniazima fimbo (tumepatana, lakini sijamsamehe) na nimesimama ukingoni kwa viatu vikavu. Unajua inavyokuwa ukivua hivyo? Hujui. Kila ninaporusha mshipi nyuma unanasa kwenye mikuyu. Chambo nilichokifunga kwa jicho moja na miwani miwili kinabaki juu ya mti, na ndege wanakishangaa. Ni saa ya wale wadudu wa manjano sasa, wanatoka majini jioni kama moshi, na trauti wanawapokea upande wa pili, chini ya ukingo, pale ambapo mtu lazima asimame katikati ya maji ndipo awafikie. Nawasikia wakidonoa. Hicho nakisikia.

Vijana wa akina Hostetler wakapita na suruali zao za mpira. Mmoja akaniuliza, "Mzee Merle, leo umekuja na viatu vya kanisani? Unawahubiria?" Wenzake wakacheka. Mimi niliyemfundisha baba yao kufunga fundo.

Umenifanya mtazamaji wa mto wangu mwenyewe. Ndugu yako Glenn asingenifanyia hivi. Glenn ananielewa, kwa sababu tulisimama majini pamoja tangu ana miaka saba.

Baba yako

Pittsburgh
2 Juni 1993

Baba,

Shikamoo. Habari za huko. Mimi mzima.

Hivi kweli umemtaja Glenn?

Glenn anauza magari Arizona, kwenye jangwa. Kila Krismasi anakutumia kadi ambayo mkewe ndiye aliyeisaini. Glenn alikuwa anachukia mto. Alikuwa anarudi anatetemeka, anavua soksi jikoni na kuniambia, "Natamani ungeenda wewe." Na mimi nilitamani vilevile. Nilikuwa naamka kabla yenu. Nawafungia mikate na pai ya tufaha, nakaa kwenye ngazi za mbele nimeshavaa buti, nikidhani siku moja utageuka uniambie, "Haya, panda." Ulikuwa unanipita. Ulikuwa unachukua kifurushi cha chakula mkononi mwangu na kunipita.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliacha kuvaa buti. Hukuuliza kwa nini.

Kwa hiyo usiniambie sijui inavyokuwa kuvua ukingoni. Mimi hata huo ukingo sikupewa. Na sasa mimi ndiye niliyekuja hospitali, mimi ndiye niliyekuosha, nami ndiye mwizi.

Nijibu swali moja tu, kisha tuendelee kugombana kuhusu goti. Kwa nini hukunichukua?

Twila

Bonde la Hessler
11 Juni 1993

Twila,

Hujambo.

Umeuliza, nakujibu. Nilikuwa nashinda kinuni siku sita, mashine zinapiga kelele hadi meno yanauma. Narudi nyumbani, mama yako anazungumza, redio inazungumza, nawe unazungumza. Wewe ulikuwa mtoto wa maswali. Kwa nini maji ni baridi, samaki analala wapi, nani aliuweka mlima. Glenn alikuwa kimya. Kusimama naye ilikuwa sawa na kusimama na kisiki.

Nilikwenda mtoni kuwakimbia watu. Na wewe ulikuwa mtu.

Ndivyo ilivyokuwa. Sitaipaka asali.

Baba

Bonde la Hessler
19 Julai 1993

Mwanangu Twila,

Hujambo? Mimi sijambo. Joto limezidi huku. Kijito kimepungua, trauti wamejibana kwenye chemchemi na mtu mwenye heshima hawasumbui.

Barua yangu ya Juni ilifika? Posta ya hapa siku hizi inaendeshwa na mpwa wa Irvin, kwa hiyo chochote kinaweza kutokea.

Baba

Bonde la Hessler
22 Agosti 1993

Mwanangu,

Hujambo? Afya yangu nzuri. Irvin alinipeleka jana hadi Mto Juniata, tukakaa kwenye viti jua likishuka. Wale wadudu weupe walitoka wengi hadi wakaonekana kama theluji inayopanda badala ya kushuka, na samaki wanaoitwa besi wa mdomo mdogo wakaanza kuruka kila upande, mto mzima unachemka. Nikageuka kumwambia mtu. Irvin alikuwa amesinzia na mdomo wazi, mdudu ameingia.

Shule zinafunguliwa karibuni, nadhani, na utarudi jikoni. Hujaandika tangu Juni. Ukiwa mgonjwa niambie. Kama ni hasira, niambie pia.

Baba yako

Pittsburgh
14 Septemba 1993

Baba,

Shikamoo. Sikuwa mgonjwa.

Barua yako ya Juni ilifika. Nikaisoma nimesimama, nikaenda kwenye kabati nilikoweka vitu vyako, nikatoa fimbo moja, ile fupi ya mianzi ambayo hukuwa unamruhusu hata Glenn kuigusa. Nilitaka kuivunja. Nasema kweli. Niliiweka gotini. Halafu nikafikiri, nikiivunja hapa atakuja kuniambia mtoto wa maswali kageuka mtoto wa fujo. Nikashuka nayo hadi Mto Allegheny, chini ya daraja, niitupe huko.

Kulikuwa na mama mmoja amesimama kwenye maji, kofia ya majani kichwani, sigara mdomoni, sketi kaifunga kiunoni. Anaitwa Rosalie Petrak. Akaniona naipeperusha ile fimbo kwa hasira. Akaniambia, "Dada, unamchapa nani viboko?"

Nikamwambia, "Baba yangu."

Akasema, "Basi mchape taratibu, mshipi utakukata sikio. Njoo huku."

Nikaenda. Jikoni tulikuwa tumefunga kwa likizo, nikawa naenda karibu kila asubuhi. Nilijinasa nywele, nikajinasa begani, nikamnasa Rosalie sketi. Akanitukana kwa Kislovakia. Siku moja mwezi wa Agosti, chambo kikatua nyuma ya nguzo ya daraja, na maji yakafunguka. Besi akaruka juu kabisa, rangi ya shaba, akatikisa kichwa kama anayekataa jambo, akanivuta hadi nikaingia maji ya kifua na viatu vyangu vya kazini. Nilipiga kelele hadi watu wa juu ya daraja wakasimama. Nilipomshika mkononi na kumwachia aende zake, nikakaa kwenye saruji nikalia, Baba, na haikuwa furaha. Ilikuwa hasira. Nina miaka arobaini na mitatu. Hiki kilikuwepo nusu saa kutoka kwenye ngazi nilizokuwa nakaa. Ulikuwa nacho siku zote, ukakificha kana kwamba kingeisha ukinigawia.

Ulinifanya niamini mto ni mahali pa kimya. Si kweli. Mimi na Rosalie hatunyamazi, na samaki wanakuja vilevile.

Nakuletea vitu vyako Oktoba, mwenyewe, kwa gari. Vyote isipokuwa fimbo ya mianzi. Sitaki tena kuwa askari jela wako. Lakini ukiingia majini, nitaingia nyuma yako nimekushika mkanda, na utanifundisha kijito hicho jiwe kwa jiwe. Hilo ndilo sharti. Ukikataa, narudi na gari limejaa kama lilivyokuja.

Twila

Bonde la Hessler
9 Novemba 1993

Mwanangu Twila,

Hujambo? Natumaini ulifika salama na kifua hakikubani. Mimi sijambo. Irvin anakusalimu, anasema supu uliyoiacha kwenye jokofu ameimaliza yeye. Mwongo, tulimaliza wote.

Uliondoka asubuhi ile ya Oktoba bila kuaga, na mimi nikakuacha uondoke. Naandika sasa yaliyonipasa kusema jikoni.

Mwanzoni, tulipoingia kijitoni, nilikuona mzigo. Kidole chako kwenye mkanda wangu, nikakwambia, "Usinishike kama ng'ombe wa mnada," ukanijibu, "Ng'ombe anasikiliza." Nilikasirika, lakini nilikuwa majini, na maji yalikuwa yamezidi magoti, na sikuwa nimesimama hivyo tangu Machi. Nikakuonyesha jiwe bapa, nikakuonyesha shimo la chini ya mizizi. Ukauliza maswali. Nikajibu machache. Halafu trauti mmoja akachukua chambo.

Alikuwa mkubwa, Twila, naapa. Akakimbilia chini na mkondo, nikageuka kumfuata, goti likakataa. Nilikuangukia. Nilijikuta nimeshika tawi na wewe hupo. Kofia yako inakwenda. Kisha nikaona mkono wako juu ya maji, mkono peke yake.

Sijawahi kuiachia fimbo maishani. Hata Machi walilazimika kunibandua vidole. Safari hii sijui hata ilikwenda wapi. Nilishika kola yako nikavuta, na ni mkondo uliotutupa changaraweni, si nguvu zangu. Hapo ukanitukana. Maneno mengine sikuwa najua unayajua. Nami, badala ya kunyamaza, nikakwambia umesimama vibaya. Tukagombana hadi nyumbani, meno yanagongana, na supu tukala kama watu wasiojuana.

Sikiliza. Machi nilipozama sikuogopa. Niliudhika tu. Nilidhani wewe unaogopa kwa niaba yangu bure, kama wanawake wa kanisani wanaoogopa radi. Sikujua. Nauona mkono ule sasa kila ninapofumba macho, na nimejua ulikuwa umebeba kitu gani tangu siku ile ulipoendesha gari kuja hospitali. Ulikibeba peke yako, mimi nakuita mwizi.

Suruali ya mpira nimeikata vipande kwa kisu cha kuchunia kulungu. Irvin alidhani nimerukwa na akili. Nimeziba nayo paa la banda la kuku. Kuku wanalala pakavu.

Usifikiri nimepoa. Nina hasira na goti, nina hasira na wale vijana wa akina Hostetler, na nina hasira na yule mtu niliyekuwa, aliyekupita pale kwenye ngazi na kuchukua mkate. Huyo kama angepita hapa ningemwekea mguu aanguke.

Nimenunua kiti cha kukunja chenye mgongo. Wadudu wa manjano watatoka Mei, wiki ya tatu, na trauti watakuwa upande wa pili kama kawaida yao. Utaingia wewe. Mwite na yule mama wa sketi akushike mkanda. Mimi nitakaa ukingoni nikukaripie, maana mkono wako unakwenda nyuma mno na fimbo ya mianzi haitaki hivyo.

Uliza unachotaka. Sema kwa sauti, upande wa sikio la kulia.

Ukiwa bado umekasirika, njoo hivyohivyo.

Baba yako,
Merle